Mpox, simu na kodi ya RAM: bonde la Ruzizi limejifunza nini?

Tarehe 14 mwezi wa nane 2024, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitangaza kwamba mpox ni dharura ya afya kwa dunia nzima. Virusi vya aina mpya vilivyotambuliwa Kamituga, teritwari ya Mwenga, mwaka wa 2023, vilikuwa vimeshafika Bukavu na Uvira, vikavuka na kuingia Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Redioni mengi yamesemwa juu ya kunawa mikono, chanjo na kutogusana na mgonjwa. Jambo moja halisemwi sana, nalo ni simu.

Wakaaji wa Bwegera na vijiji vyote vya barabara ya kitaifa namba 5 wanajua kwamba habari ya ugonjwa haitembei yenyewe. Inahitaji rezo, maunite na betri yenye moto. Miaka hii iliyopita, mara mbili serkali ya Kinshasa ilichukua hatua juu ya simu na intaneti wakati nchi ikiwa na ugonjwa mkubwa. Mara zote mbili, mwananchi wa kawaida ndiye aliyeumia.

Habari ya mgonjwa inapita wapi?

Chukua mfano wa mtoto anayeanza kuhara maji ndani ya nyumba moja ya Bwegera. Wa kwanza kujua, nje ya jamaa yake, mara nyingi ni RECO, yaani mjumbe wa afya wa mtaa. RECO anamjulisha muganga mkuu wa kituo cha afya, yule watu wanamwita titileri. Titileri anajulisha ofisi kuu ya zoni ya afya. Zoni inapeleka habari kwenye divisheni ya afya ya jimbo, na kutoka pale habari inafika Kinshasa.

Kila hatua ni kupiga simu au kutuma ujumbe. Kwa kipindupindu, ugonjwa ambao Uvira na mwambao wa Tanganyika wanaujua tangu zamani, mgonjwa asiyerudishiwa maji mwilini anaweza kufa ndani ya saa chache. Kwa mpox, inabidi kuandika majina ya wote waliogusana na mgonjwa na kuwafuatilia siku 21. Siku 21 hizo, kama hakuna simu, ni siku 21 za miguu au za kulipa pikipiki.

Tena RECO ni mtu wa kujitolea. Hana mshahara wa kila mwezi. Akinunua maunite ya kutoa habari, mara nyingi anatoa mfukoni mwake, franka zilezile ambazo zingenunua chumvi na sabuni. Kwa hiyo swali la bei ya simu ni swali la afya pia, hata kama huko Kinshasa mambo haya mawili yako katika wizara mbili tofauti.

Mara ya kwanza: intaneti kukatwa wakati wa Ebola

Tarehe 1 mwezi wa nane 2018, serkali ilitangaza Ebola Kivu Kaskazini. Ugonjwa ule uliingia Ituri pia, na mwezi wa nane 2019 ulifika hata Kivu Kusini, Mwenga. Ulitangazwa kuisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu zaidi ya 3,400 waliugua na zaidi ya 2,200 walikufa.

Katikati ya kipindi hicho, tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2018, nchi ilifanya uchaguzi. Beni na Butembo ziliwekwa kando siku hiyo, na moja ya sababu alizotoa CENI ilikuwa Ebola. Siku iliyofuata, tarehe 31, intaneti ikakatwa nchi nzima, ujumbe wa SMS nao ukafungwa. Mshauri wa Rais Kabila, Barnabé Kikaya bin Karubi, alieleza kwamba walitaka kuzuia fujo, juu ya matokeo ya uongo yaliyokuwa yanazunguka. Intaneti ilirudi karibu siku 20 baadaye.

Sheria ya simu ya mwaka wa 2002 iliiruhusu serkali kuzuia mawasiliano kwa sababu ya usalama. Lakini ugonjwa nao ni jambo la usalama. Serkali ileile ilisema Ebola ni hatari kubwa kiasi cha kuwanyima watu wa Beni kura siku ile, kisha ikafunga njia ambayo watu hao na waganga wao walitumia kupashana habari. Wakati rezo imefungwa, uvumi haukufungwa. Uvumi unatembea kwa mdomo, sokoni na kwenye vilio. Kilichokosa njia ni habari ya kweli ya kuujibu.

Mara ya pili: RAM wakati wa corona

Tarehe 10 mwezi wa tatu 2020, Kinshasa ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa corona. Siku moja kabla, tarehe 9, Waziri Mkuu Sylvestre Ilunga alikuwa ametia sahihi dekre namba 20/005, iliyobadilisha dekre ya 2012 juu ya mapato ya ARPTC, ile ofisi ya serkali inayosimamia makampuni ya simu. Ndani ya dekre hiyo ndimo ilimotoka RAM, daftari la kuandikisha simu zote za mkononi.

Kwa maelezo ya serkali, RAM ilikuja kulinda mwenye simu. Kila simu ina namba yake ya utambulisho. Namba zote zikiandikwa, simu ya wizi au ya kopi inaweza kufungwa. Kwa kazi hiyo mwenye simu angelipa, na simu ya 3G au 4G ilikatwa zaidi kuliko simu ndogo ya 2G. 

 RAM haikulipwa kwenye gishe, mtu akipewa karatasi. Ilikatwa moja kwa moja kwenye maunite. Mtu alinunua maunite ya kupigia jamaa, akakuta yamepungua kabla hajapiga. Kwa anayenunua ya franka 500 kwa wakati, hiyo si kitu kidogo. Na mwenye simu mbili alilipa mara mbili.

Ni haki kusema kwamba dekre ilisainiwa kabla corona haijatangazwa. Hakuna aliyekaa akasema: watu wanaugua, tuwatoze. Lakini makato yalianza mwezi wa tisa 2020, miezi sita baadaye. Katika miezi hiyo sita, Rais Félix Tshisekedi alikuwa ametangaza hali ya dharura, mipaka ilifungwa, shule na makanisa vilifungwa, na watu waliambiwa wabaki nyumbani na kutumia simu badala ya kusafiri. Wanafunzi waliambiwa wafuate masomo kwenye redio na intaneti. Serkali ilikuwa na miezi sita ya kusema "tungoje kwanza". Haikusema.

Nchi jirani zilifanya nini?

Mwezi uleule wa tatu 2020, Kenya ilienda njia nyingine. Benki Kuu ya Kenya ilikubaliana na makampuni ya simu kuondoa malipo ya kutuma pesa kwa simu kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000 za Kenya. Shabaha ilikuwa watu wapunguze kugusana noti. Mama wa sokoni aliona faida siku ileile, bila kujaza karatasi yoyote.

Kenya ilijaribu pia mambo makubwa ambayo hayakudumu. Mwezi wa saba 2020, balloni za kampuni ya Loon zilianza kutoa intaneti kutoka juu angani. Mwezi wa kwanza 2021 kampuni hiyo ikatangaza kufunga, kwa sababu biashara haikulipa. Hatua ya kawaida ya kupunguza bei iliwafikia watu wengi kuliko mashine ya ajabu.

Uganda ilikuwa na makosa yanayofanana na ya Congo. Tangu mwezi wa saba 2018, kila aliyetaka kuingia WhatsApp au Facebook alilipa shilingi 200 za Uganda kwa siku. Corona ilikuta kodi hiyo, nayo ikaendelea. Mwaka wa 2021 iliondolewa, lakini mahali pake pakawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya intaneti yenyewe.

Namna RAM ilivyoanguka

RAM haikuanguka kwa huruma ya Kinshasa. Watu walilalamika kwenye masoko, vijana wa LUCHA waliandamana, na ndani ya Bunge kelele ilipanda. Hapo kuna jambo ambalo watu wa Uvira wanaweza kulikumbuka: mdepite Claude Misare, aliyechaguliwa Uvira, ni mmoja wa waliomwita Waziri wa Posta na Simu, Augustin Kibassa Maliba, kujieleza mbele ya Bunge mwaka wa 2021.

Hoja ya wadepite ilikuwa fupi. Kifungu cha 174 cha Katiba kinasema kodi haiwezi kuwekwa ila kwa sheria, na sheria inapita Bungeni. RAM ilitoka kwenye dekre. Waziri alijibu kwamba RAM si kodi, ni malipo ya huduma. Lakini huduma mtu huiomba, au anaweza kuikataa. Kwa RAM mwenye simu hakuulizwa. Mwanzoni mwa 2022 serkali ikakubali kuiondoa, baada ya mwaka mmoja na nusu hivi wa makato.

Sheria mpya, na ahadi yake

Kuna jambo ambalo makelele ya RAM yalilifunika. Tarehe 25 mwezi wa kumi na moja 2020, wakati maunite ya watu yanakatwa, nchi ilipata sheria mpya ya simu na intaneti, sheria namba 20/017. Ndani yake kuna mfuko wa maendeleo ya huduma kwa wote, unaoitwa FDSU. Kazi yake ni kupeleka simu na intaneti pale ambapo makampuni hayaoni faida.

Kwa bonde la Ruzizi, hiyo ndiyo ahadi ya kufuatilia. Kampuni inasimika antena pale penye wateja wa kutosha, kwa hiyo barabara kubwa inapata rezo kwanza. Ukiacha barabara na kupanda kuelekea milima ya Lemera, milima yenyewe inazuia mawimbi. Antena inahitaji umeme, na mahali ambapo umeme wa SNEL haufiki, inaishi kwa mazuti au jua. Hiyo ni gharama, na kampuni inaihesabu.

Pia kuna suala la mpaka. Mto Ruzizi ndio mpaka na Burundi, lakini mawimbi hayajui mpaka. Kuna wakaaji wanaobeba kadi SIM mbili, ya Congo na ya Burundi, wanatumia ile inayoshika. Kwa biashara ni akili nzuri. Kwa afya ni shimo, kwa sababu namba ya bure ya serkali ya Congo haiwezi kutegemewa kwenye kadi ya Burundi, na kupigia titileri kwa kadi hiyo ni kupigia nchi ya nje. Mgonjwa yuko Congo, muganga wake yuko Congo, lakini mbele ya mashine wako nchi mbili.

Maswali ya kuwauliza viongozi

Mpox itapita kama corona ilivyopita. Ugonjwa mwingine utakuja, na kipindupindu hakijawahi kwenda mbali. Kwa hiyo kuna maswali matatu ambayo wakaaji, shirika la raia na kamati za afya wanaweza kumpelekea mdepite wao, kwa barua au akija kuomba kura.

La kwanza: je, wakati wa ugonjwa uliotangazwa, RECO na titileri wanaweza kupiga simu na kutuma habari ya mgonjwa bila kulipa? Makampuni yanajua kufungua namba za bure, yanazo za kwao tayari. Inabidi serkali iyaombe na kuweka jambo hilo kwenye maandishi.

La pili: mfuko wa FDSU umepanga antena ngapi kwa teritwari ya Uvira, na zitasimikwa wapi? Orodha hiyo ikisomwa redioni, kila kijiji kitajua kama kimo au kimesahauliwa.

La tatu: serkali inaweza kuahidi kwamba haitakata tena intaneti wala kuongeza malipo ya simu katika eneo lenye ugonjwa uliotangazwa? Ahadi ya mdomo haitoshi. RAM ilionyesha kwamba dekre moja, yenye sahihi ya mtu mmoja, inaweza kuingia ndani ya simu ya kila mtu kuanzia Kinshasa hadi Bwegera. Ilionyesha pia kwamba inaweza kutolewa, watu wakijua kifungu cha Katiba na wakikitaja bila kuchoka.

Kabla ya majibu hayo kufika, kazi inabaki kwa wenyewe. Namba ya titileri wa kituo cha karibu iandikwe ukutani na si ndani ya simu peke yake, kwa sababu simu inazimika. Na anayeona mapele au kuhara maji asingoje kupata maunite: atume mtoto kwa RECO au aende mwenyewe.