Msanii Asiwe Mpangaji wa Milele

Katika vichochoro vya Mchikichini na Kariakoo, filamu za Kiswahili zilipata soko kabla ya intaneti kuenea. Zilinunuliwa kwa kanda, kisha kwa dividii, zikatazamwa na umma katika vibanda umiza. Lakini tujiulize: ni nani aliyenufaika? Mara nyingi mtunzi aliuza kazi yake jumla kwa msambazaji, na haki zote zikaondoka pamoja nayo. Mlanguzi wa nakala haramu naye akavuna pasipo kupanda.

Leo tunaambiwa kwamba YouTube, iliyoanzishwa mwaka 2005 na kununuliwa na Google mwaka 2006, imemkomboa msanii. Tunakataa. Imemfungulia mlango, haikumpa nyumba. Ili agawiwe mapato ya matangazo ya video zake ndefu, kwa kawaida sharti awe na wafuasi 1,000 na kazi zake zitazamwe saa 4,000 katika miezi 12. Akifika hapo hupata asilimia 55. Zilizobaki ni za mwenye jukwaa. Masharti hayo hakuyajadili, na yaweza kubadilishwa bila yeye kuulizwa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, sembuse mtegemea cha mgeni!

Wako wasemao: watazamaji wako huko, twende wapi? Hiyo ni nusu ya ukweli. Mchuuzi wa Kariakoo hutandaza bidhaa chache barabarani ili avute wateja, lakini ghala lake haliweki barabarani. Vivyo hivyo, kionjo kipelekwe YouTube, kazi kamili iuzwe kwingine. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, wananchi wamezoea kulipa kwa simu. Kwa nini basi wasanii wasiunde ushirika wenye tovuti yao, wakauza filamu kwa bei anayoimudu mpita njia? Kwa nini wasiziuzie stesheni zetu za televisheni haki ya kuonyesha kwa muda maalumu tu, badala ya kuuza kazi nzima?

Serikali nayo ina wajibu. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilidai leseni ya kulipiwa. Ada ikiwa nzito, ushirika mchanga hufa kabla ya kutambaa.

Nanyi walimu, wafundisheni vijana kusoma mkataba kabla ya kushika kamera. Utamaduni wa taifa hauwezi kujitegemea iwapo watunzi wake hawamiliki hata nakala ya kazi zao.