Kijana Apandapo Mlima na Wenzake

Mzazi hana sababu ya kushtuka pale mwanawe amwambiapo kwamba yeye na rafiki zake wamekusudia kuupanda Mlima Kilimanjaro. Kwa miaka mingi wengi wetu tulidhani kuwa hiyo ni kazi ya wageni watokao ng'ambo, nasi fungu letu ni kuutazama mlima huo katika kalenda. Historia haisemi hivyo. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, waliofika kileleni mwaka 1889, hawakujibebea mizigo yao wenyewe. Na usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, 1961, aliyeuwasha mwenge wa Uhuru juu ya Kibo alikuwa askari wetu kijana, Alexander Nyirenda.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, badala ya kumkataza, yafaa umwulize mwanao swali moja: "Je, mmekubaliana nini endapo mmoja wenu ataugua huko juu?" Aghalabu utaona kuwa wamekwisha kupanga habari za fedha, makoti na picha watakazopiga, na swali hilo halijawapitia.

Nalo ndilo kubwa. Anayeshika njia ya Marangu hulala kwanza Mandara, penye mwinuko wa mita 2,720 hivi. Kisha Horombo, mita 3,720. Kisha Kibo, karibu mita 4,720. Kutoka hapo huondoka yapata saa sita za usiku kukiendea kilele cha Uhuru, mita 5,895. Kileleni kila pumzi humpa mtu takriban nusu tu ya oksijeni aipatayo mkazi wa pwani. Mwili waweza kujizoeza, ila wataka siku. Matabibu hushauri kwamba mtu akishavuka mita 3,000, asipandishe mahali pake pa kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa siku. Sasa msomaji na apige hesabu mwenyewe: toka Horombo hadi Kibo ni mita 1,000 kwa siku moja! Ndiyo maana siku ya ziada ya kupumzika Horombo si anasa. Kama fedha haitoshi kuilipia siku hiyo, ni bora vijana waende Mandara tu, wauone msitu na kurudi, kuliko kukifukuzia kilele kwa kubana matumizi.

Tena nguvu za mchezaji wa mpira si kinga. Kijana mwenye mapafu mazima huenda akaumia upesi kuliko mwenziwe mnyonge, kwa kuwa hutangulia mbio huku kiongozi akimwita nyuma, "Pole pole!" Neno hilo si mzaha wa kuwafurahisha watalii. Mwendo ufaao ni ule ambao mtu aweza kuzungumza bila ya kutweta.

Ugonjwa wenyewe huanza kwa kificho: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, usingizi kuruka. Hapo ndipo urafiki unapopimwa, maana kijana aliye kati ya wenzake huona haya kusema. Yule mcheshi wa kundi hunyamaza ghafla, nao hudhani amechoka tu. Mwenye dalili hizo asiongeze mwinuko hata zimwishe, na zikizidi ateremke. Akianza kuyumba kama mlevi, akashindwa kutembea katika mstari ulionyooka, au akisema maneno yasiyoeleweka, au akitweta hali ameketi, hilo si jambo la kungojea mapambazuko. Ateremshwe saa ile ile, ijapokuwa ni usiku wa manane. Dawa zipo, na yafaa kumwona daktari kabla ya safari, lakini hakuna iwezayo kushika mahali pa kuteremka. Pombe na vidonge vya usingizi viachwe nyumbani.

Kuhusu mavazi sina mengi. Viatu vipya visianze kazi mlimani. Avivae kwa majuma kadhaa akienda navyo sokoni na kazini, ili malengelenge yatoke huku, si huko. Nguo za pamba zikilowa jasho hukawia kukauka na humgandisha mtu. Sufu ni bora. Chupa ya maji ifungwe ndani ya soksi nzito na kupinduliwa kichwa chini, kwa kuwa maji huanza kuganda kwa juu, na hivyo mdomo wa chupa hauzibwi na barafu.

Turudi kwenye yale makubaliano. Yafanywe mapema, vijana wakiwa wameketi nyumbani na vikombe vyao vya chai, kwa kuwa penye changarawe na baridi ya saa tisa za usiku, hali kilele chaonekana karibu na fedha zimekwisha kulipwa, hakuna atakayekuwa na subira ya kujadili. Wakubaliane kwamba asemaye kichwa chamwuma hatachekwa, wala hatasimangwa warudipo mtaani. Na wakubaliane, kwa majina, ni nani atakayeteremka na mgonjwa pamoja na kiongozi msaidizi. Asiachwe ateremke peke yake, wala asiketishwe juu ya jiwe awangoje wenziwe mpaka watoke kileleni.