Tuisikilize Kibodi Kabla ya Kuitupa

Katika shule nyingi za sekondari chumba cha kompyuta kina kona moja isiyozungumzwa sana, nayo ni kona ya kibodi zilizokufa. Nimeiona hivi karibuni katika shule moja: kibodi kumi na moja zimepangwa kama matofali, kila moja imebandikwa karatasi yenye neno MBOVU. Nilipouliza ubovu wenyewe ni upi, mwalimu mwenzangu alijibu kwa unyofu kwamba hazifanyi kazi. Jibu hilo si la sayansi, lakini nathubutu kusema kwamba kosa si lake, bali ni letu sisi tuliomfundisha.

Tumezoea kumfundisha mwanafunzi kompyuta kutokea juu: barua, jedwali, picha. Yaliyo kati ya kidole na herufi tumeyaacha yawe siri ya mafundi, ilhali katika Linux, mfumo ambao Linus Torvalds aliutangaza huko Helsinki mwaka 1991 na ambao hupatikana bila malipo, mambo hayo yako wazi kwa kila mwenye ruhusa ya kuyatazama.

Humo kila chombo cha kuingizia habari, kiwe kibodi, kipanya au hata kitufe cha kuzimia mashine, hupewa faili lake katika saraka ya /dev/input: event0, event1, event2 na kuendelea. Ipo programu ndogo iitwayo evtest, iliyoandikwa kwanza na Vojtech Pavlik, ambayo huitwa kwa kuandika jina lake kwenye mstari wa amri. Huorodhesha vyombo vyote kwa majina na kukutaka uchague kimoja kwa nambari. Kisha hungoja. Gusa kitufe, nayo itachapa mstari wenye wakati, aina ya tukio, nambari ya kitufe, na thamani: 1 kikibonyezwa, 0 kikiachiliwa, 2 kikishikiliwa hata kikaanza kujirudia.

Mara nyingi mstari wa kwanza kabisa huwa wa ajabu. Huonyesha kitufe cha Enter kina thamani 0, yaani kimeachiliwa pasipo kubonyezwa! Mwalimu asikimbilie kueleza. Awaache wanafunzi wabishane mpaka mmoja wao atambue kwamba kidole kilichobonyeza Enter ili kuithibitisha nambari ya chombo, kabla programu haijaanza kusikiliza, ndicho kinachoinuka sasa.

Turudi kwenye kona yetu. Ikiwa chombo hakimo katika orodha, chunguza waya na tundu la USB. Ikiwa kimo, lakini kitufe fulani hakitoi mstari wowote ilhali jirani zake hutoa, ubovu u chini ya kitufe hicho: vumbi, chai iliyomwagika, utando uliochakaa. Na ikiwa mstari hutokea sawasawa lakini barua huonyesha herufi nyingine, kibodi ni nzima. Kosa liko juu, katika mpangilio wa lugha. Nambari zile ni za mahali, si za herufi. Kitufe cha nambari 16 kimechapwa Q kwenye kibodi ya Kiingereza, lakini kwenye ile ya Kifaransa au ya Kibelgiji mahali hapo hapo pamechapwa A. Katika zile kumi na moja, nne zilikuwa za namna hii. Zilikuwa zimehukumiwa kwa kosa lisilo lao.

Mwalimu wa fizikia naye asikae pembeni. Wakati unaochapwa huhesabiwa kwa sekunde tangu usiku wa manane wa Greenwich, tarehe 1 Januari 1970 (kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa tisa usiku), pamoja na desimali sita. Kwa kawaida evtest yenyewe hutaja kwamba kitufe kikishikiliwa hujirudia baada ya milisekunde 250, na kisha kila milisekunde 33. Mwanafunzi na atoe wakati mmoja katika mwingine, aone kama ndivyo.

Wapo watakaopinga kwamba tunawapa vijana chombo cha upelelezi. Pingamizi hili ni zito, wala sitalipuuza, kwa kuwa programu isomayo herufi ya barua husoma neno la siri kwa urahisi ule ule. Ndiyo sababu mtumiaji wa kawaida hazuiwi kuandika, lakini huzuiwa kuyasoma mafaili hayo pasipo ruhusa ya msimamizi. Na programu nyingine ya jamaa hiyo, libinput debug-events, huficha majina ya vitufe mpaka iombwe kuyaonyesha. Hata hivyo sikubali kwamba dawa ni kunyamaza. Itengwe mashine moja isiyo na maksi za mtihani wala akaunti ya mwalimu yeyote, mwanafunzi aandike neno la siri la kubuni, na alione likitoka kitufe kwa kitufe mbele ya darasa zima.

Zile kibodi nne zilirudi mezani siku ile ile. Saba zilizobaki tuliziandikia karatasi mpya. Mbili zasema "haimo katika orodha". Nyingine hutaja nambari, na mojawapo yasomeka hivi: "Kitufe 57 hakitoi tukio." Kitufe 57 ni kile kirefu cha kuachia nafasi kati ya maneno.