Mkono Ambao Bibi Arusi Hakuuona

Mfungo Mosi uliopita nilipanda basi kwenda Isiolo, arusini kwa mpwa wangu. Dada yangu aliolewa huko yapata miaka thelathini sasa, na shemeji yangu ni wa wale Wasomali Isaak ambao wazee wao walikuwa askari wa Mwingereza, wakapewa makao Isiolo baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Watoto wa nyumba ile wasema Kisomali na baba, Kiswahili cha Mombasa na mama, na Kiborana sokoni.

Siku tatu kabla ya nikaha, bibi arusi aliniita ndani. "Mjomba," akasema, "picha niitakayo mimi ni moja tu. Nataka kuuona mkono wa Baba ndani ya mkono wa mume wangu. Hizo nyingine pigeni mpendavyo." Nikamjibu, "Hilo limekwisha, mwanangu." Sikujua nilisemalo.

Wasomaji wangu wajua desturi yetu. Nikaha hufungwa msikitini baina ya walii na mume, mbele ya mashahidi, na bibi arusi yuko nyumbani, amekwisha pakwa hina, angoja kuletewa habari. Jambo kubwa la maisha yake latendeka naye hayupo. Walii hutamka, mume hukubali, basi. Hata kahawa haijapoa.

Alasiri ile, shemeji alipoushika mkono wa kijana, mpiga picha tuliyemlipa pesa nyingi alikuwa nje ya lango akiyapiga picha magari yaliyofungwa tepe. Alipoingia mbio, watu walikwisha inua mikono kuomba dua. Akamwinamia sheikh: "Sheikh, tafadhali warudie, sikuwapata." Sheikh akamtazama kitambo, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, hapa hatuigizi."

Wako waliocheka. Mimi sikucheka, maana lawama ilikuwa yangu. Nilizungumza na kijana yule juu ya bei, nauli na chakula chake. Juu ya mkono sikumwambia neno. Naye alitoka mbali, na arusi alizozizoea bibi na bwana husimama pamoja mbele ya watu, mpiga picha akamfuata bibi. Hapa bibi hakumwona, akadhani shughuli haijaanza. Nani angemweleza, kama si mimi?

Nilipooa mimi, katika miaka ya tisini, filamu moja ilikuwa na picha 36, nasi tulinunua mbili. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikaa na daftari usiku kucha akihesabu: mkono, moja, babu na mashahidi, moja, mashangazi wa Lamu, moja, na wakigombana wapangwe wote pamoja. Wazee wake yeye hata hizo 36 hawakuwa nazo. Watu wa Mombasa wa zama zile walivaa wakaenda studio, kama kwa Parekh aliyefungua yake mwaka 1942, wakarudi na picha moja au mbili za kuhifadhi sandukuni. Uchache uliwalazimisha kufikiri. Kijana wetu wa Isiolo alituletea picha mia nane na zaidi. Magari yamo yote, kila gari mara tatu.

Rai yangu ni hii: kabla ya kumlipa mpiga picha, wenye arusi wakae wiki mbili mbele, kama wanavyokaa kwa ajili ya pilau, na kila picha waiulize itatazamwa na nani. Picha za msikitini ni za waliokuwa ndani na za bibi mzaa baba asiyeweza kusafiri. Hizo zipigwe kwa wingi. Picha za ukumbi wa wanawake, buibui zimevuliwa na nywele zimefumuliwa, ni za waliokuwamo ukumbini, na si za mtu mwingine. Hizo apige mwanamke. Simu zikusanywe kapuni mlangoni. Na kadi ya kamera ibaki kwa mama wa bibi arusi siku hiyo hiyo, si kesho. Sisi tulipokuwa na filamu, ya wanawake tuliipeleka kusafishwa Nairobi, ambako hakuna aliyewajua dada zetu.

Asidhani mtu kwamba huu ni wivu wa watu wa pwani. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi wao. Mama zetu waliokuwa wakikagua mikoba mlangoni hawakuingoja sheria hiyo.

Wako wazee wasemao kamera zisikanyage arusini kabisa. Nawaheshimu, na najua khitilafu ya wanavyuoni katika suala la picha si ya leo. Lakini nikimkumbuka binti yule aliyeomba picha moja, siwezi kusimama upande wao.

Kuna na mambo ya jua. Isiolo i karibu mno na mstari wa ikweta. Adhuhuri jua lasimama utosini, kofia hutia kivuli, na wanaume wote hutoka hawana macho. Tulipigwa adhuhuri. Baada ya alasiri nuru ni laini. Na atakaye Mlima Kenya nyuma yake aamke mapema, baada ya sala ya alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika.

Tena arusi si siku moja. Siku ya saba upande wa mke walileta chombo cha nyama iliyokaangwa kwa samli, kimevishwa nguo na kuzungushwa kamba kama bibi arusi mwenyewe, na vijana wa upande wa mume wakatakiwa kukifungua bila kukata. Saa nzima wanatafuta ncha ya kamba, na wanawake wanawatungia mashairi ya kejeli. Mimi mshairi nilitamani nizaliwe upya Kisomali. Mpiga picha alikwisha rudi kwao siku ya kwanza. Hayo ndiyo tuliyopatana.

Usiku wa nikaha mpwa wangu aliniuliza picha yake. Nikamwambia kweli. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi nihadithie, Mjomba." Nikamhadithia: babake alivaa ile saa yake kuukuu, na kabla ya kutoa mkono aliufuta kwanza kwenye kanzu, mara mbili. Akacheka huku machozi yakimtoka. "Ndivyo alivyo," akasema.

Mdogo wake amekwisha poswa. Daftari nimenunua, na mstari wa kwanza nimekwisha uandika.