Jicho ni shahidi, na shahidi ataulizwa

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, wakazi wengi wa Mwanza hawajaisahau filamu ya Darwin's Nightmare, aliyoitengeneza Hubert Sauper na ikatolewa mwaka 2004. Ilionyesha sangara wa Ziwa Victoria akikatwa minofu viwandani na kusafirishwa Ulaya kwa ndege, mapanki yakibaki kwa wanyonge, na watoto wakilala mitaani. Kisha ikaashiria kwamba ndege hizo huja na silaha. Mwaka 2006 iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani, na watu wakaandamana Mwanza.

Tuipime kwa mizani ya dini yetu. Filamu ile haikuonyesha silaha zikishushwa Mwanza. Mtazamaji alisikia maneno ya wahojiwa, akaona ndege zikitua na kuruka, na moyo wake ukakamilisha habari. Hapo ndipo ilipo nguvu ya filamu: picha za kweli zikipangwa kwa namna fulani huweza kuzaa tuhuma isiyothibitishwa. Katika Suratul Hujuraat, aya ya 6, Mola wetu anatuamrisha tuichunguze habari, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta.

Lakini uadilifu hauna upande mmoja. Mapanki yalikuwapo, na yalikuwa kitoweo cha jirani zetu. Watoto wa mitaani walikuwapo, nasi tukiwapita tukielekea msikitini. Suratun Nisaa, aya ya 135, inatutaka tutoe ushahidi wa haki hata dhidi ya nafsi zetu. Je, tulikasirikia tuhuma peke yake, au pia tulikasirika kwa kuwa aibu yetu imeanikwa? Mgeni kukosea kuhusu ndege hakukutuondolea sisi dhima ya yatima.

Leo kamera imo mifukoni mwa vijana wetu, kuanzia Kirumba hadi Ukerewe. Maiti wa ajali, ugomvi wa mke na mume, binti aliyeteleza: vyote hurekodiwa asubuhi, na kabla ya Isha vimeshasambaa. Dhuluma tuliyoilalamikia mwaka 2006 sasa tunawatendea wenzetu kwa mikono yetu wenyewe.

Enyi wazazi, kumnyang'anya mtoto simu hakutoshi. Keti naye, mtazame pamoja, umfundishe kuuliza: Nani amepiga picha hii, na kwa makusudio gani? Ni nini kilichoachwa nje? Nani ataumia nikiisambaza? Na ikiwa picha inaonyesha mwenye njaa, swali la mwisho ni: Mimi nitamfanyia nini?

Suratul Israa, aya ya 36, inatukumbusha kuwa masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Basi tujiandalie jibu.

Wabillahi tawfiiq.