Usitaje bei ya klachi kabla hujauliza gari linafanya nini

Leo naongea zaidi na sisi wa spea za magari, ila hata wewe unayeuza chaja au pampu za maji soma tu, utajikuta humu ndani.

Nasema wazi. Muuzaji wa spea anayetaja bei kabla hajauliza gari linasumbua vipi anamwibia mteja, hata kama hana nia hiyo. Najua maneno ni makali. Nayasema kwa sababu mimi mwenyewe nilishafanya.

Mwaka jana kuna mteja wa Makambako alinitafuta WhatsApp. Ana Hilux ya zamani, ile ya dizeli yenye injini ya 3L, anabebea viazi. Akaandika: "Kaka klachi imekwisha, gia haziingii mpaka nikanyage mara mbili mara tatu. Nitumie seti nzima." Mimi nikaona neno moja tu, seti. Nikampa bei, Sh 320,000, pleti, presha na beringi. Akatuma hela, jioni mzigo uko kwenye basi. Na stori nikaweka kabisa, mzigo wa Makambako umeondoka.

Siku ya tatu akapiga. Fundi kashusha giaboksi, kafunga seti mpya, kapandisha, na gia bado haziingii. Akanitumia picha ya pleti ya zamani. Aisee, ilikuwa bado nene, ingemtembeza muda mrefu tu. Tatizo lilikuwa raba za ndani ya masta ya juu, na ripea kiti yake naiuza Sh 15,000. Wakati huo viazi vyake viko kwenye magunia shambani, ikabidi akodi gari la mtu, na faida yote ya safari ile ikaishia kwenye kukodi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba jibu alikuwa ameshaniandikia. "Mpaka nikanyage mara mbili mara tatu." Pleti iliyokwisha haiponi kwa kupampu pedali. Nililisoma lile neno nikalipita.

Kwa wasiojua, klachi si zote zinafanana. Kwenye Kirikuu inavutwa na waya, habari ya mafuta haipo. Kwenye Hilux ukikanyaga pedali, masta ya juu inasukuma mafuta ya breki kupitia paipu mpaka masta ya chini, iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi. Ile ya chini inasukuma foki, foki inasukuma beringi, ndo pleti inaachia. Sasa mafuta hayabonyei, upepo unabonyea. Kukiwa na upepo ndani, au raba zimechoka na mafuta yanarudi nyuma, mguu wako unafika chini kabisa lakini foki imesogea kidogo tu. Pleti haiachii. Gia zinakwaruza, na rivasi ndo inalia kuliko zote. Ukipampu, kila mkanyago unaongeza kidogo, gia inaingia. Ukiachia, shida inarudi pale pale.

Kwa hiyo siku hizi mtu akiniandikia "klachi bei gani", namuuliza kwanza: ukizima injini gia zinaingia? Kama gari likiwa limezimwa zinaingia zote laini, na likiwaka zinagoma, basi klachi ndo haiachii. Hatujajua ni ya ndani au ya mafuta, lakini angalau tumeacha kuisingizia giaboksi.

Halafu nauliza kuhusu mlima. Injini inapiga kelele juu na gari haliongezi mwendo? Hapo klachi inateleza, mara nyingi pleti imekwisha, na seti nitakuuzia kwa roho safi. Kuna mtego mmoja tu hapa. Ile paipu ya mpira ikivimba kwa ndani, mafuta yanaenda lakini hayarudi, klachi inabaki kama imekanyagwa nusu na inateleza vile vile. Fundi akilegeza nati ya kutolea upepo kule chini na klachi ikashika ghafla, kuna presha ilikuwa imenaswa. Akague paipu na masta kwanza, pleti baadaye.

Swali la tatu ni la mafuta. Kikopo kinapungua? Kama kinapungua yanamwagika mahali. Namwambia apitishe mkono nyuma ya pedali, pale kifimbo kinapoingia kwenye masta, na chini ya kapeti. Kukilowa, ni ya juu. Kisha ainue kava la raba la masta ya chini. Likitoa maji maji, ni ya chini. Anawe mikono na asiguse bodi, mafuta ya breki yanakula rangi. Na kama hayapungui, hakuna kulikolowa, lakini pedali inazama? Hapo namshuku sana wa juu. Raba zake zinapitisha mafuta kwa ndani, yanarudi kwenye kikopo, huwezi kuona tone. Hiyo ndo ilikuwa ya mzee wa Makambako. Dalili yake ni kwamba ukisimama sehemu ya wazi, gia namba moja, klachi umekanyaga mpaka mwisho, baada ya muda gari linaanza kujivuta lenyewe. Mguu mwingine uwe juu ya breki, na asiwepo mtu mbele.

Cha mwisho naomba video, na hapa ndipo nabishana na wateja. Injini imezimwa, hendibreki juu, mawe kwenye tairi, mmoja anakanyaga pedali na mwingine anachungulia chini anarekodi kile kifimbo cha masta ya chini kinachosukuma foki. Kikitoka vizuri, zaidi ya sentimita moja, na bado gia zinagoma, basi mafuta yamefanya kazi yake, ugonjwa uko ndani, shusheni giaboksi. Kikijitikisa tu kama kinaona aibu, msiguse giaboksi. Video ya sekunde kumi inaokoa kazi ya siku mbili.

Kuna mwenzangu wa Gerezani tunabishana kila siku. Yeye anasema kazi yetu ni kuuza, kupima ni kazi ya fundi. Namwelewa, ana kodi ya kulipa kama mimi. Lakini fundi anapewa gari na mtu ambaye tayari kanunua seti. Boksi liko mezani, limefunguliwa. Unategemea aseme rudisha? Atalifunga. Sisi tunaopokea meseji ya kwanza ndo tunaweza kusimamisha hiyo safari kabla hela haijatoka.

Na sitakudanganya, inanigharimu. Wapo wanaochukia maswali, wananiandikia "wewe unauza au hauuzi?" na wanahamia kwa mwingine. Kuna wiki nimeuza ripea kiti tupu. Lakini mzigo unaorudishwa na basi, nauli ya kwenda na kurudi, na mabishano kwenye komenti mbele ya wateja wengine, hivyo navyo ni hela.

Tena si kila mara namuuzia cha bei ndogo. Mafuta ya breki yananyonya unyevu, na kwenye gari lililokaa miaka bila kubadilishwa yanakuwa meusi na masta inapata kutu ndani. Raba mpya kwenye ukuta wenye vishimo haikai. Huyo namwambia fundi afungue, apapase kwa kidole, kukiwa na mikwaruzo achukue masta nzima. Na kama ya juu imekufa kwa uzee, ya chini ni rika lake, namshauri aitazame siku hiyo hiyo. Mtu akiniambia njiani aliongezea oili ya injini kwenye kikopo, hapo nasikitika, maana raba zote zinavimba, juu na chini, na ule mfumo unasafishwa wote.

Yule mteja nilimtumia masta ya juu mpya bila kumdai, na nauli nikalipa. Seti nisingeweza kuipokea, ilishafungwa. Alisema "sawa kaka", basi. Hajanunua tena kwangu na simlaumu.

Haya maswali nimeyaweka kwenye majibu ya haraka ya WhatsApp Business, mtu akiandika klachi nayatuma kabla ya bei. Wa klachi ya waya mwondolee la kikopo, badala yake muulize waya ulirekebishwa lini na kama umeanza kuchanika nyuzi. Wanaouza spea za bajaji na bodaboda, nyie mnauliza nini kabla ya bei? Andikeni hapo kwenye komenti.