Maikrofoni ya Kiunoni na Sitara ya Kikao



Mama zangu na dada zangu, wiki hii nina neno juu ya ile maikrofoni ndogo isiyo na waya mrefu, ambayo siku hizi haikosekani katika darsa zetu na mahafali ya madrasa. Hubanwa kifuani, na kijiwaya chake hushuka hadi kwenye kikasha kinachovaliwa kiunoni. Kikasha hicho ndicho kinachorusha sauti kwa mawimbi ya redio mpaka kwenye kipokezi, nacho huipeleka kwenye spika.

Nilihudhuria kikao kimoja ambapo mwalimu wetu alimaliza mawaidha, akateremka na kuketi mkekani. Mama mmoja alimsogelea akamnong'oneza shida ya nyumbani kwake. Hakuna aliyekikumbuka kikasha. Upande wa pili wa pazia, walikokuwa wanaume, spika zilikuwa wazi, na nusu ya habari ile ilisikika kabla ya kijana mmoja kuikimbilia mitambo. Yule mama aliondoka bila ya kuaga, wala sijamwona darsani tangu siku hiyo.

Tumefundishwa kwamba vikao ni amana. Basi wenye kuandaa darsa na wamteue mwanamke mmoja wa kumvisha mwalimu kikasha faraghani, na kukipokea mara tu dua inapomalizika. Mwenye mitambo ashushe sauti kwanza, kisha kikasha kizimwe. Kikitangulia kuzimwa, spika huenda zikatoa mlio wa kushtua. Kitufe cha kunyamazisha peke yake hakitoshi, kwani huweza kuguswa na nguo kikafunguka. Tena maikrofoni nyingi za bei nafuu hazifichi sauti: aliye nje ya ukuta na kipokezi cha masafa yale yale huweza kusikia kila neno, hata spika zetu zikiwa kimya.

Ama uvaaji, sisi wenye mabuibui tuna shida zetu, na sidhani kama watengenezaji walitufikiria. Maikrofoni ikifichwa chini ya mtandio, kila mgeuko wa shingo hutoa mchakaricho. Ni afadhali ibanwe juu ya mtandio, kiasi cha shibiri moja chini ya kidevu, mbali na pini na mkufu. Asiyevaa mshipi ajifunge leso iliyokunjwa kiunoni, chini ya buibui, akipachike kikasha hapo. Antena yake isikunjwe wala isigandamane na ngozi, kwa kuwa mwili hunyonya mawimbi na sauti huanza kukatikakatika. Kwa sababu hiyo hiyo kipokezi kiwekwe juu, mahali panapoonekana kutoka alipo mwalimu, si nyuma ya nguzo.

Mwalimu naye asipite mbele ya spika, zitapiga mluzi. Maikrofoni mbili zisitumie masafa mamoja kwa wakati mmoja. Na betri mpya zitiwe kabla ya kikao, zote kwa pamoja, bila ya kuchanganywa na kuukuu; nimeona mawaidha ya saa nzima yakikatika katika dakika ya ishirini, kwa sababu ya betri mbili tu.

Wabillahi tawfiq.